Kisogo cha Chiriku

Kwa miaka mingi nilikula kwa kutumia mdomo, na sisemi habari za kutafuna. Nilikuwa mtangazaji wa mpira redioni. Watu waliokuwa mbali na uwanja waliuona mchezo kwa sababu mimi nilikuwa na ulimi. Ulimi hauna mfupa, wanasema, na wangu ulikuwa na mbio pia. Mke wangu anadai hata usingizini niliendelea kutangaza, na kwamba kuna usiku nilimpa kadi ya njano.

Kisha asubuhi moja, nikiwa nafunga vifungo vya shati, upande wangu wa kulia ukalegea na maneno yakaniponyoka. Hospitali wakasema ni kiharusi. Mguu ulirudi, mkono ukarudi nusunusu, maneno yakabaki huko yalikokwenda. Na si kwamba sikuyajua. Nilikuwa naliona neno kabisa, nalisogelea, nafungua mdomo, kinachotoka ni kingine. Nikitaka chai nasema kiti. Nikitaka kiti nasema Jumanne. Kuandika nako kulikuwa yale yale.

Lililoniuma zaidi ni jina la binti yangu. Ana jina lake la kwenye vyeti, ila mimi nimemwita Chiriku tangu alipojua kusema, kwa sababu alikuwa hanyamazi kuuliza. Kwa nini maji hayana rangi, kwa nini kivuli hakichoki. Hakuna mwingine anayemwita hivyo; mama yake anaona ni jina la kihuni. Tangu niugue nilikuwa nimemwita Jumanne, nimemwita mfuniko, na mara moja nimemwita refa. Yeye aliitikia yote, "Abee, Baba," bila hata kutabasamu, na akaja.

Chiriku ni mwanafizikia. Kazi yake, kama nilivyokuwa nikiwatania wageni nilipokuwa na ulimi, ni kulinda kitu kisichoonekana ndani ya jokofu kubwa kuliko kabati letu la nguo. Na kila siku kazi hiyo ni kupima. Sasa mtoto anayeishi kwa kupima akipata baba mgonjwa, unadhani atafanya nini? Atampima. Alirudi kukaa nasi akiwa na furushi la kadi zenye picha. Kabla ya chai ananionyesha kikombe. "Baba, hii ni nini?" Baada ya chai, kijiko. Jioni, mti, ndizi, kofia. Simu yake ilikuwa pembeni inahesabu nimechukua muda gani.

Nilijitahidi kwa sababu nampenda. Lakini kila alipoinua kadi alinitumbulia yale macho yake makubwa, yamejaa matumaini, na neno ambalo lilikuwa limeshafika kwenye meno likageuza njia. Sikujua kwamba matumaini ya mtu mwingine yana uzito kiasi kile. Nilikiita kikombe Jumanne. Akasema, "Vizuri, Baba, tujaribu tena," na sauti yake ikawa nyembamba.

Daktari wa usemi, mama mmoja mpole, ndiye aliyeona hayo na kumweka kitako. "Mwanangu, acha kumpimapima mzee. Maneno ni kama paka, ukiyavizia hayaji." Chiriku akatii. Kadi zikaingia kabatini. Hakuniuliza tena kitu.

Badala yake akawa ananitazama. Anakaa sebuleni na jarida, ukurasa haufunuliwi. Anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi niliusikia mshindo wake mpaka chumbani.

Kuna siku nilikuwa bafuni peke yangu, najimwagia maji, nikasikia mtu anasema, "Leo maji yamepata moto kweli." Nikageuka kumtafuta. Alikuwa mimi. Sentensi nzima, haijakatika popote. Nilisimama na povu masikioni, nikajaribu nyingine, polepole. "Na mpira unarushwa kuingia ndani." Ikatoka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kwa ya tatu nilipotazama chini ya mlango. Pale penye mwanya wa mwanga palikuwa na vivuli viwili vya miguu, na ncha za ndala za kijani za Chiriku.

Alikuwa anapita tu, akasikia, akasimama. Nadhani hata kupumua alikuwa ameacha, maskini, asinisumbue. Lakini sentensi ya tatu ilikwama kooni kama fupa la samaki. Mimi nikangoja aondoke, yeye akangoja niseme, na maji kwenye ndoo yakapoa.

Wiki hiyo hiyo nikawasikia yeye na mama yake jikoni.

"Mama, nimeamua. Baridi hii ikiisha naacha kazi."

Baridi, kwa lugha yao, ni ile miezi ambayo mashine yao imegandishwa. Wakimaliza wanaiacha ipate joto, na baridi nyingine inaanza baadaye sana. Hii ilikuwa inaishia mwisho wa mwezi.

"Unaacha kazi uliyoisomea nusu ya umri wako?" mama yake akauliza.

"Kazi yenyewe haiendi. Na Baba akiwa na mtu wa kukaa naye mchana kutwa, ataongea tu. Mimi nitakaa naye."

Binti yangu aache maisha yake kwa ajili ya kinywa changu, na juu ya hayo anitazame mchana kutwa. Nikaikamata fimbo yangu, nikaingia jikoni, nikashika kona ya meza. Nilichotaka kusema ni kifupi: usiache kazi. Nilikiona kimekaa hapo mbele, maneno mawili tu. Wote wawili wakageuka wakanitazama.

"Sabuni," nikasema.

Chiriku akachomoka mbio akaleta sabuni ya kuogea, mpya, kwenye karatasi yake. Nikatikisa kichwa. Nikavuta pumzi, nikapiga fimbo sakafuni. "Sabuni." Akaleta ya mche. Nikaghadhabika, nikaisema tena kwa ukali, akaleta ya unga, pamoja na kijiko cha kuipimia. Kufika jioni mbele yangu palikuwa na duka, na machozi yalikuwa yananitoka bila ruhusa. Mke wangu alizikusanya zote akazirudisha mahali pake. Nafikiri alijua hazikuwa sabuni nilizozitaka, ila hakuwa na la kufanya zaidi ya kunipangusa uso kwa ncha ya kanga.

Siku ya mwisho ya baridi mke wangu aliitwa kwa dada yake, aliyekuwa ametoka kupasuliwa jicho. Mimi siwezi kuachwa peke yangu kwa sababu ya jiko na ngazi. Ndivyo nilivyojikuta maabara, nimekaa kwenye kiti chenye magurudumu madogo, koti la Chiriku mabegani, nimekatazwa kugusa chochote. Nilikuwa kama mtoto aliyepelekwa harusini.

Jokofu lao halina mlango wala trei ya mayai. Ni pipa refu la chuma linaloning'inia kwenye nguzo, limefungwa nyaya nyingi kama mgonjwa wa chumba cha mahututi. Nyuma ya ukuta pampu zinahema mchana na usiku. Mwenzake Chiriku kazini ni kijana mnene mcheshi, umri wao mmoja, wanamwita Barafu kwa kuwa ndiye anayelilisha pipa lile gesi za baridi. Nilipoingia alikuwa ameinama chini ya meza, kichwa ndani, makalio nje, anakaza nati.

"Shikamoo, Mzee," akasema hukohuko chini.

"Marahaba," nikajibu.

Chiriku akageuka kama aliyeungua. "Baba, umesema marahaba. Sema tena."

Nikafungua mdomo. Pakawa patupu. Barafu akatoa kichwa chini ya meza, akatutazama, akakirudisha.

Niwaeleze wanachokifanya, maana Chiriku alinieleza kwa miaka mingi tukinywa chai, na mimi sikuwahi kuwa mjinga wa kusikiliza. Ndani kabisa ya pipa kuna kipande kidogo kuliko ukucha, na juu yake wametengeneza nukta mbili zilizopakana. Wanaziita nukta za kwanta. Kwangu mimi ni vyumba viwili. Humo wanaweka elektroni moja, moja tu, na wao humwita Mgeni. Ukimwacha peke yake kwenye baridi ile, Mgeni hakai chumba hiki wala hiki. Anakuwa vyote viwili kwa pamoja, na hali yake inapanda na kushuka kwa utaratibu kama kifua cha mtu aliyelala. Huo ndio utajiri wanaoutafuta. Pembeni ya vyumba wamepitisha njia nyembamba ya umeme, nayo wanaiita Askari. Mgeni akiwa chumba cha karibu, umeme wa Askari unapungua kidogo. Akiwa cha mbali, unaongezeka. Kwa hiyo Askari anajua Mgeni yuko wapi bila hata kumgusa.

Ubaya ni kwamba Mgeni akishajulikana yuko wapi, lazima awe hapo. Ile hali ya kuwa kotekote inakatika. Basi utaratibu ni kumweka, kumwacha, na muda huo wa kumwacha wanauita safari, kisha kumuuliza mara moja tu, mwishoni. Wanaanza upya, wanamwacha kitambo kidogo zaidi, wanamuuliza tena. Wakirudia hivyo mara nyingi mno, kioo cha kompyuta kinachora wimbi, alama baada ya alama, na urefu wa wimbi unakwambia Mgeni alidumu kiasi gani.

Lao halikudumu. Lilipanda, likashuka, likapanda kwa kuchechemea, kisha likawa mstari uliolala. Miezi yote ya baridi lilikuwa hivyo. Hesabu zao zilisema lilitakiwa kwenda mbali sana.

"Labda chumba kina kelele," Barafu akasema, sasa amekaa, anajifuta mikono. "Labda waya."

"Waya tumebadilisha wote."

"Basi mimi sijui. Nimezima kurekodi katikati ya safari. Hakuna anayemtazama yule bwana mpaka mwisho. Tumemwachia faragha kuliko bibi harusi."

Chiriku alikuwa amejishika kiuno, anatazama ule mstari uliolala. Najua anavyosimama akiwa amekasirika, ni mama yake mtupu. "Kurekodi umezima," akasema. "Na Askari mwenyewe?"

"Askari yupo, ila nimempunguza. Mkondo mdogo tu. Si unajua tukimzima kabisa akirudi anarudi na wazimu wake, tunapoteza asubuhi nzima kumnyoosha. Na wewe mwenyewe ndiye uliyesema asizimwe, tusije tukampoteza Mgeni bila kujua."

"Nilisema."

"Ulisema kwa herufi kubwa."

Hakucheka. Alivuta kiti akakaa polepole. "Barafu, mkondo ukipita, unapita na habari. Kila elektroni inayokatiza pale inaondoka ikijua Mgeni yuko upande gani. Kama sisi tunasoma au hatusomi, Mgeni haimhusu. Hatukumwachia faragha hata siku moja. Tulifumba macho yetu tu, mlinzi tukamwacha mlangoni."

Nilimwona akifika mahali. Alinigeukia, akanitazama pale kwenye kiti changu na koti lake mabegani, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyekumbuka jiko hakulizima. Kisha akagundua kwamba ananitazama. Haraka akatazama dari. Akatazama pampu. Akatazama viatu vyake mwenyewe kwa muda mrefu, na mimi nikajua ni ndala za kijani anazoziona. Nilitamani kumwambia si kosa lake, kwamba kusimama kule mlangoni kulikuwa ni kupenda. Ila ningesema nini? Ningeomba sabuni.

"Tumzime," akasema, akimwambia Barafu. "Azimwe kabisa wakati wa safari. Tumwashe mwishoni tu, kwa kishindo kimoja, aulize, azimwe tena."

"Asubuhi nzima," Barafu akakumbusha.

"Leo ndiyo siku ya mwisho. Asubuhi unamwekea nani?"

Wakaingia kazini. Mwanzo Chiriku aliniangalia kwa kificho kama kawaida, jicho moja huku, jingine kule. Aliniletea chai. Akauliza kama nasikia baridi, akakumbuka hatakiwi kuuliza, akajibu mwenyewe. Lakini Askari alikuwa mkaidi kweli, anarudi juu, anashuka, anayumba, na ikabidi wote wawili wamwinamie. Wakaanza kubishana. Wakaacha kubishana, wakawa wanasema namba tu. Chai yangu ikaisha na hakuna aliyeona. Nikaangusha fimbo kwa bahati mbaya, ikapiga sakafu, na hakuna aliyegeuka. Nikaikumbuka siku ile alipokuwa mdogo, amelala kifudifudi uani anatazama siafu, tukamwita chakula mpaka tukakata tamaa.

Saa za jioni, jua la kwenye dirisha dogo limegeuka rangi, alama ya kwanza ikatokea kwenye kioo. Ya pili. Wimbi likapanda. Likashuka. Likafika pale ambapo siku zote hufa, nami nikaona mabega ya Chiriku yamepanda karibu na masikio. Likapita. Likapanda tena, jembamba, safi. Barafu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili.

Methali inasema mwana hutazama kisogo cha nina. Siku ile baba ndiye aliyekaa nyuma akitazama kisogo cha mwana. Nywele zimefungwa ovyo na kalamu imechomekwa humo. Hakuna hata unyoya wa mawazo yake uliokuwa kwangu. Nilikuwa nimesahauliwa kabisa, kwa mara ya kwanza tangu niugue, na nilihisi mwepesi, kama mtu aliyetuliwa gunia begani. Nikampenda mno mtoto yule anayependa kitu kiasi kile. Na nikafungua mdomo.

"Chiriku, usiache kazi hii."

"Siachi, Baba, ngoja kwanza," akasema, na kidole chake kikaendelea kubonyeza.

Alama moja. Alama ya pili. Kidole kikasimama.

Barafu alinitazama, akamtazama yeye, akataka kusema neno. Chiriku akamwinulia mkono bila kugeuka, kiganja wazi, kama anayezuia gari. Kisha mkono huohuo ukarudi kwenye meza ukajishikilia. Hakunigeukia. Nilikiona kisogo kinatetemeka na kalamu inatetemeka pamoja nacho, lakini macho yake aliyabandika kwenye wimbi na akayaacha huko. Kwa mtoto aliyezaliwa akiuliza, sijui alitumia nguvu gani.

Basi nikaendelea. Mtu haachi mpira katikati.

"Anapanda," nikasema. "Anapanda huyu bwana, hana haraka, amefika juu kabisa. Sasa anashuka, anateremka upande wa kushoto, wengine walisema angefia hapa, jamani, hakufa. Anageuka. Anapanda tena. Hakuna anayemkaba. Uwanja wote ni wake."

Sauti ilikuwa yangu. Ilikuwa na mikwaruzo, na palikuwa na mahali niliruka neno nikaweka jingine, nadhani kuna "mfuniko" uliingia kati ya wachezaji, lakini hakuna aliyenisahihisha. Nilitangaza kila mlima na kila bonde. Nilimtaja Barafu, kipa aliyeacha goli wazi kwa hiari yake. Nilimtaja kocha, binti mwenye kalamu kichwani, na nikasema mbele ya wasikilizaji wote kwamba baba yake hataki akae nyumbani kumtunza, anataka amwone amesimama hapo. Barafu alikuwa analia waziwazi, mtu mzima na unene wake. Nje ya ukuta pampu zilihema kama watazamaji.

Wimbi lilikwenda, likaenda, mpaka likaanza kupungua lenyewe, taratibu, bila kusukumwa, kama inavyopungua kila kitu. Nikalisindikiza hadi mstari ulipolala. "Na huo," nikasema, "ndio mwisho wa mchezo."

Hapo ndipo Chiriku alipogeuka. Uso wote umelowa, macho makubwa yale yale, yananitazama na furaha yote aliyoikosa kwa miezi.

"Baba," akasema. "Umesemaje pale mwanzo?"

Nilimtazama machoni. Nikafungua mdomo.

"Sabuni," nikasema.

Alicheka mpaka akakaa sakafuni, na mimi nikacheka, na Barafu akacheka bila kujua kwa nini. Mpaka leo ananiuliza kama ilinitoka au nilifanya makusudi. Huniuliza akiwa jikoni, anaosha vyombo, amenipa mgongo, na huwa hangoji jibu.

Kesho yake akaenda kazini.